Jaribio Lililokataa Kupita

Ijumaa hiyo Najiat alifika ofisini kabla fundi cherehani wa mlango wa pili hajatoa meza yake barazani. Akafungua kompyuta, na wekundu wote wa makosa aliouacha jana ukawa unamngoja pale pale. Mtu akilala na tatizo hujidanganya kwamba kukicha litakuwa limejichokea na kuondoka zake. Matatizo ya kompyuta hayana tabia hiyo.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Kanyenye, mjini Tabora, katika nyumba ya marehemu babu yake, ambako zamani kulikuwa na duka la vitambaa. Walianza wawili, yeye na Deus, kijana wa Nzega aliyesoma naye chuo. Mwaka jana Deus akapata kazi Dodoma, na tangu hapo Najiat akawa mkurugenzi, fundi na mfagiaji. Watu wa mtaani walijua tu kwamba binti wa mzee Omari anafanya kazi ya kompyuta, na mara kwa mara walimletea simu zilizoingia maji.

Kazi iliyomnyima usingizi wiki ile haikuwa ya simu zilizoingia maji. Kulikuwa na zahanati kadhaa, kuanzia Ipole huko Sikonge hadi Lusu ya Nzega, zilizokuwa zikitibu watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Dawa yao ni ya maji, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto na hali ya damu yake. Ukipunguza, maumivu ya mifupa yanarudi. Ukizidisha, dawa yenyewe inaangusha damu. Programu ya Najiat ndiyo iliyochukua uzito na majibu ya damu kutoka zahanati, ikapiga hesabu, na kila Ijumaa saa saba mchana ikawatumia akina mama ujumbe: mtoto fulani, mililita kadhaa, jioni baada ya chakula. Ujumbe ule ulikuwa umezoeleka vijijini kama gulio, na siku ukichelewa watu waliuliza.

Sasa wiki hii dawa ilikuwa imebadilika. Zahanati zilipokea chupa mpya zenye nguvu mara mbili ya zile za zamani, na akina mama waligawiwa kwa sharti moja: usifungue mpaka upate ujumbe wa Ijumaa. Chupa za zamani zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo huko vijijini chupa zilikaa juu ya makabati na ndani ya masanduku, watoto wakiwa wameanza kulalamika magoti, na kila mtu akiitazama simu. Na programu ilikuwa imegoma.

Haikugoma kwa kuharibika, ila kwa sababu ya majaribio. Mpishi wa shughuli huonja kabla ya kupakua, na programu nayo huonjwa. Deus na Najiat walikuwa wameandika mamia ya majaribio madogo yanayojiendesha yenyewe, kila moja likijifanya mtoto fulani mwenye mama fulani na simu fulani, kisha likitazama kama programu inajibu inavyotakiwa. Yakipita yote, rangi inakuwa ya kijani na programu mpya inaruhusiwa kwenda kazini. Likifeli hata moja, mlango unabaki umefungwa. Kanuni hiyo aliitaka Deus, Najiat akaikubali kwa moyo mmoja, na tangu Jumatano alikuwa akiijutia.

Alikuwa amebadilisha mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya dawa mpya. La pili alikuwa amejiahidi mwenyewe. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa hapo hapo mjini aliandikishwa mara mbili, mara kwa jina lake tupu, mara kwa jina lenye neno "Binti" mbele. Programu ikamdhania ni watoto wawili, mama akapata ujumbe mara mbili, naye, mtiifu kupita kiasi, akampa dawa mara mbili. Mtoto alilazwa. Alipona, lakini Najiat alimwona kitandani, na tokea siku hiyo neno "mara mbili" lilimtia baridi. Ndiyo maana akaifundisha programu kusafisha majina: iondoe yale maneno ya nyumbani ambayo watu wa Tabora huyabandika mbele ya jina, kisha ikikuta jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na simu moja, ijue huyo ni mtoto mmoja.

Baada ya mabadiliko hayo mawili, majaribio yakafeli kama mahindi yanavyokaangika, hili linapasuka, lile linafuata. Jumatano alirekebisha kwa mkono akashindwa. Alhamisi hivyo hivyo. Alikuwa na kiburi kidogo cha ufundi, na hakutaka msaada wa mashine katika kazi aliyoijenga mwenyewe mstari kwa mstari. Kiburi hicho kilimwisha Ijumaa asubuhi, Daktari Erasmus, msimamizi wa mradi, alipompigia kumwambia kwamba Ipole kuna mama amekuja na mtoto mgongoni akilia kwa maumivu, anauliza afungue chupa au asifungue.

Akafungua msaidizi wa akili mnemba, akamkabidhi programu nzima na majaribio yake, akaandika: "Majaribio yangu yanafeli sijui kwa nini. Nina mpaka saa saba. Nisaidie."

Msaidizi hakukawia. Alisoma kila kitu, akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba karibu majaribio yote yanafeli kwa sababu moja: yaliandikwa wakati wa dawa ya zamani, na bado yanangoja vipimo vya zamani. Programu ilikuwa sahihi. Majaribio ndiyo yaliyopitwa na wakati. Akamshauri asimwamini hivi hivi, alinganishe kwanza na jedwali la daktari.

Najiat alilinganisha kwa kidole, mtoto baada ya mtoto, na ilikuwa kweli. Siku mbili alikuwa akimtafuta mwizi ndani ya nyumba ambayo haijaibiwa. Wakayarekebisha pamoja, yeye na msaidizi, na wekundu ukaanza kufifia fungu kwa fungu. Akapumua. Akamtuma mtoto wa fundi cherehani amletee chai na chapati, kisha akasahau kuila.

Likabaki jaribio moja.

Lilikuwa la Deus, la tangu mwaka wa kwanza. Taarifa yake ilikuwa fupi: zilitarajiwa jumbe mbili, umepatikana mmoja. Simu ni ile ile. Tarehe ya kuzaliwa ni ile ile. Jina baada ya kusafishwa: Masolwa na Masolwa.

Najiat aliisoma akataka kucheka. Hili si lile lile kosa la mtoto kuandikwa mara mbili? Deus, bila kujua, alikuwa ameandika jaribio linalolinda ugonjwa ambao yeye ameutibu. Jina moja, siku moja, simu moja, na bado jaribio linadai mama atumiwe mara mbili. Akamwandikia msaidizi: "Hili nalo ni la zamani kama wenzake. Tuliondoe."

Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa Daktari Erasmus tena, na saa ilikuwa inakaribia saba. Najiat akaiweka sikioni huku macho yakiwa kwenye kioo, ambako jibu la msaidizi lilikuwa limekwisha tokea, refu kidogo. Mstari wa kwanza ulisema: "Naweza kuliondoa, lakini hili si kama wenzake. Yale yalihusu vipimo, hili linahusu watu." Chini yake kulikuwa na maelezo.

Daktari hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu kwamba simu zake mbili zote zinaita, kwamba kila zahanati inauliza, na kwamba yeye hawezi kuwapa akina mama wote hao vipimo kwa mdomo. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko kufoka, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, binti yangu. Hawa wanaumwa mifupa."

Waswahili wamejaliwa methali ya kila upande. Ipo ya kumkimbiza mtu na ipo ya kumzuia, na siku ya shida mtu hupewa ile ambayo haimfai. Najiat alijibu kwamba ni dakika mbili tu, daktari. Hakuendelea kusoma. Hakumngoja hata msaidizi amwondolee. Alilifungua faili lenyewe, akalichagua jaribio la Deus kuanzia juu hadi chini bila kulitazama, akalifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kijani kikatanda. Akaituma programu kazini, na saa saba kamili jumbe zikaanza kuondoka Kanyenye, kusini hadi Ipole, kaskazini hadi Nzega, kwenye njia zile zile ambazo wapagazi wa zamani walizitembea kwa majuma. Taarifa zikaanza kurudi: umepokelewa, umepokelewa, umepokelewa. Najiat akaegemea kiti akalia kidogo, kile kilio cha mtu aliyetua mzigo, akakumbuka chapati yake iliyopoa akaila yote.

Furaha ilimchukua hadi barazani, ambako alisimama akiwatazama wanaume wanatoka msikitini, akawasalimia wazee shikamoo kwa sauti ya mtu mwenye heri. Alirudi ndani kuzima kompyuta. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu wenye adabu, alitaka amwandikie msaidizi ahsante kabla ya kuzima. Ndipo akaliona lile jibu likiwa bado liko pale, halijasomwa, akalisoma.

"Kwenye taarifa majina yanaonekana sawa kwa sababu yamekwisha safishwa. Ndani ya jaribio lenyewe watoto hao wanaitwa Kulwa Masolwa na Doto Masolwa. Programu mpya inaondoa maneno Kulwa na Doto kabla ya kulinganisha. Ninavyofahamu, hayo ni majina ya mapacha, na mapacha watakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja na simu moja. Ikiwa miongoni mwa wagonjwa wako wapo mapacha walioandikwa hivyo, mmoja atafutika, na mwenzake atatumiwa kipimo cha uzito ulioingizwa mwisho. Je, wapo? Mpaka tujue, napendekeza tusitume chochote."

Alisoma mara ya pili akiwa amesimama. Akakaa.

Mgeni asingelifanya kosa lile. Mtu wa kutoka mbali, asiyejua Kulwa ni nini wala Doto ni nini, angeyaacha majina ya watu kama alivyoyakuta. Lakini Najiat alizaliwa Kanyenye. Kwao mapacha wanapewa majina yao ya dini, kisha nyumbani wanaitwa Kulwa na Doto juu yake. Shangazi yake mwenyewe alizaa pacha, Uwesu na Awadhi, na mpaka leo nyumba nzima inasema Kulwa Uwesu na Doto Awadhi. Kwake maneno yale yalikuwa ya kubandika mbele, sawa na "Binti" na "Bwana Mdogo", na siku ile alipokuwa anaifundisha programu aliyaandika bila kusita, tena kwa kujisifu moyoni kwamba hili mashine isingelijua. Hakukumbuka kwamba huko Lusu Kulwa hana jina jingine. Anaitwa Kulwa, na Masolwa ni baba yake. Ukimvua Kulwa umemvua kila kitu.

Aliandika: "Nimeshatuma. Nisaidie kujua ni nani."

Msaidizi hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwonyesha namna ya kuuliza orodha ya jumbe zilizoondoka, ailinganishe na orodha ya watoto, na ndani ya muda mfupi jibu likawa mbele yake. Familia ilikuwa moja tu. Mama aliitwa Ng'washi, wa Lusu, ng'ambo ya mbuga. Kulwa, wa kiume, alikuwa mzito wa kutosha kupewa mililita nne. Doto, wa kike, alikuwa mdogo mno kwa umri wake, kipimo chake mbili na nusu. Ujumbe mmoja ulikuwa umekwenda: "Mtoto wako Masolwa, mililita nne, jioni baada ya chakula." Ulipokelewa saa saba na dakika zake.

Yale maneno mawili wakayatoa. Jaribio la Deus wakalirudisha, na mara hii lilipita bila ubishi. Kila kitu kikawa kijani tena, kijani kilichokuwa sahihi kweli kweli, na hakikuwa na faida yoyote. Programu inarekebishika. Ujumbe uliokwisha somwa na mama ni maji yaliyomwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Akatuma jumbe mbili mpya, zenye majina kamili na onyo juu yake. Hazikupokelewa. Akapiga simu. Sauti ya kike ikamwambia kwamba nambari anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua, na kila mara sauti ile ikamjibu kwa utulivu ule ule.

Akampigia Daktari Erasmus, akasema yote bila kujitetea. Akaulizwa ni watoto gani. Kisha daktari akamwambia kwamba damu ya Doto wiki iliyopita ilikuwa imeshuka tayari, na walikuwa wanafikiria kumpunguzia. Akamwambia pia asikate tamaa, ila alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha anza kutafuta nambari nyingine. Aliyepatikana ni Suzana, nesi wa zahanati ya Lusu.

Suzana alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama ni Ng'washi mama mapacha, akasema anakwenda. Mvua ilikuwa imenyesha Lusu tangu asubuhi. Udongo wa mbugani ukilowa hushika tairi la pikipiki kama gundi, na Suzana alisema huenda akaiacha pikipiki njiani atembee. Kabla ya kukata simu akaongeza jambo ambalo Najiat hakulijua. Kule kwao mapacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja shati, umenunua mawili. Ukimpa mmoja uji, mwingine naye apewe, hata kama ameshiba, kwa sababu anayenyimwa huona hatakiwi, huondoka duniani. "Sasa mama amepata kipimo kimoja," Suzana akasema. "Unajua atafanya nini? Atawapa wote sawa sawa."

Najiat alibaki na simu mkononi. Wote sawa sawa. Mililita nne kwa Kulwa, ambaye zinamtosha, na nne kwa Doto, ambaye damu yake iko chini.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Alipiga Lusu, haipatikani. Alitoka barazani akarudi. Fundi cherehani alimuuliza kama kuna msiba, naye akashindwa kusema hapana. Aliwaza kutafuta gari aende, na akajua kwamba hadi afike Nzega, na hadi aivuke mbuga, jioni itakuwa imekwisha pita na kijiko kimekwisha oshwa. Alichukia kukaa na alichukia kwenda. Mwishowe alirudi kwenye kompyuta, akamwandikia msaidizi swali ambalo halikuwa la kompyuta: "Mtoto wa mbili na nusu akipewa nne, inakuwaje?"

Alijua anachotaka kuambiwa. Alitaka aambiwe kwamba haidhuru. Msaidizi alijibu kwamba kuzidishiwa mara moja aghalabu huvumilika, lakini kwa mtoto ambaye damu yake imeshuka yeye hawezi kumhakikishia hivyo, na anayeweza kuamua ni daktari mwenye majibu ya damu mkononi. Akishapewa, apelekwe akapimwe usiku huo huo, wasingoje dalili. Akauliza kama daktari ameshaarifiwa, na kama yupo mtu anayekwenda nyumbani kwao. Najiat akaandika ndiyo, yupo. Kisha akafunga kompyuta kwa sababu hakuweza kuutazama tena ule ukweli.

Akatandika mkeka chini, akaswali alasiri ambayo karibu imponyoke. Hakuomba kwa maneno mazuri. Alisema, Mola wangu, mimi nimewahesabu vibaya, wewe hukosei hesabu. Alirudia hayo tu, paji la uso likiwa chini, mpaka fundi cherehani alipoanza kuingiza meza yake ndani.

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita. Ilikuwa nambari ya Suzana. Alikuwa anahema. Alisema amefika, matope hadi magotini, na mama yupo, amemkuta amekaa kizingitini. Amemsalimia kwa Kisukuma hakuitikia. Watoto wako ndani.

"Amewapa?" Najiat akauliza.

"Sijui. Hataki kusema na mimi. Nimemwambia kuna mtu wa meseji kwenye simu, ndiyo akanyoosha mkono. Sema naye."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Najiat akasikia kuku, na mtoto anayegumia kwa mbali, gumio la maumivu lililochoka.

"Mama mapacha, shikamoo," akasema, ingawa huenda walikuwa rika moja. "Mimi ndiye ninayetuma meseji za dawa. Ile ya leo nimekosea. Nakuomba uniambie, dawa umempa nani?"

Sauti ya mama haikuwa na hasira, na Kiswahili chake kilikwenda polepole, kama cha mtu anayepita juu ya mawe ya mtoni.

"Sijampa mtu."

Najiat alifumba macho. Akataka kusema Alhamdulillahi, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Siku zote mnaleta mbili. Ya Kulwa, ya Doto. Leo mmeleta moja, na haina Kulwa, haina Doto. Nikasema, hawa wamepima damu, wameona mmoja haponi, wameshamtoa. Nikaangalia ile meseji, nikaangalia watoto. Ningempa nani? Nikimpa mmoja, ni mimi nimemwambia mwenzake aende."

"Hapana, mama. Si hivyo. Hakuna aliyetolewa."

"Nikazima simu," Ng'washi akaendelea, kana kwamba hakusikia. "Nilijua mtaleta ya pili, yenye jina la anayebaki. Nikasema hilo jina lisinikute. Nimewalaza kitanda kimoja, nimekaa mlangoni tangu mchana."

Hapo Najiat alilia, na hakujali kama anasikika. Alimweleza kwa maneno anayoyaweza kwamba kosa ni lake, si la damu. Kwamba daktari hakuona lolote la namna hiyo. Kwamba yeye ndiye aliyeiambia mashine kitu cha kijinga, nayo ikatii. Alisema watoto ni wawili na dawa ni mbili, na Suzana yupo hapo, atazipima mwenyewe. Alisema nisamehe, akalisema tena.

"Mchana mlisema mmoja," Ng'washi akasema. "Sasa mnasema wawili. Ijumaa ijayo mtasema wangapi?"

Mtoto aligumia tena huko ndani, na mwenzake akasema kitu kidogo kwa Kisukuma, sauti ya kumbembeleza. Suzana akasikika akisema chupa ziko wapi, mama, usiku unaingia.

Ng'washi hakuondoka kizingitini. Pumzi yake ilisikika kwenye simu.

"Wataje," akasema.

"Kulwa Masolwa, mililita nne. Doto Masolwa, mililita—"

"Sitaki mililita. Hizo atasema nesi. Wataje wao."

Najiat akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Kulwa," akasema. "Doto."

"Tena."

"Kulwa. Doto."

Akasikia kanga ikichakarisha, mama akiinuka. Simu ilikuwa bado iko sikioni mwake alipoingia ndani, na kule gizani, karibu na kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Usinyamaze. Endelea kuwataja mpaka wote wawili wameze."